Saa Zisizohesabiwa: Wazazi Wanaolea Peke Yao na Mafao ya Uingereza

Shule za msingi nchini Uingereza hufungwa takriban wiki 13 kila mwaka. Mfanyakazi wa huko anastahili kisheria likizo ya wiki 5.6. Baba na mama wanaoishi pamoja, wakipokezana, wanaweza kuziba wiki 11 kati ya hizo, ingawa watakuwa wameumaliza mwaka bila kupumzika pamoja hata siku moja. Mzazi anayelea peke yake akiitoa likizo yake yote bado anabakiwa na zaidi ya wiki saba ambazo mtoto yuko nyumbani na yeye anatakiwa kazini. Hapo hatujamgusa mtoto anayeamka na homa, wala siku ambayo mwalimu anapiga simu saa tano asubuhi akitaka mtoto aje achukuliwe.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala kuhusu wazazi hawa mara nyingi huanzia kwenye tabia. Huulizwa kama kweli wanataka kazi, kama mafao ya serikali yamewazoesha kukaa, hata kama walipaswa kuzaa. Maswali hayo yamejaza magazeti ya Uingereza kwa miaka mingi na yameacha alama zake katika sheria. Msimamo wangu ni kwamba yanatafuta kosa mahali pasipo na kosa. Mzazi anayelea peke yake hupungukiwa na saa kabla hajapungukiwa na ari. Mfumo wa mafao unazihesabu kwa makini saa za kazi ya mshahara, lakini unazipita saa za malezi kana kwamba mtoto hujilea. Mpaka saa hizo nazo zihesabiwe, kila shinikizo la kumsukuma kazini litamchosha mzazi na kumpunja mtoto.

Ni akina nani

Katika kila familia nne zenye watoto nchini Uingereza, takriban moja inaongozwa na mzazi mmoja, na zaidi ya asilimia 80 ya wazazi hao ni wanawake. Njia zilizowafikisha hapo hazifanani. Wapo walioachika, wapo waliofiwa, wapo waliokimbia kipigo, na wapo ambao mwenzao hakuwahi kukaa nao nyumba moja. Kwa wengi hali hiyo si ya maisha yote. Ni kipindi cha miaka kadhaa, tena mara nyingi ni miaka ileile ambayo watoto ni wadogo na gharama ya malezi iko juu kabisa.

Katikati ya miaka ya 1990, chini ya nusu yao walikuwa na ajira. Miongo miwili baadaye walikuwa takriban theluthi mbili. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa kundi lolote, na yanatosha kuiondoa picha ya mama anayekaa nyumbani akisubiri hundi ya serikali.

Tena kupokea mafao si kinyume cha kufanya kazi. Universal Credit, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2012 na kuanza kutumika mwaka 2013 ili kuunganisha mafao sita ya zamani, humlipa asiye na kazi na pia mwenye kazi ambaye mshahara wake hautoshi. Katika watoto kumi wanaohesabiwa kuwa maskini Uingereza, takriban saba wanaishi katika nyumba ambayo kuna mtu mzima anayefanya kazi. Wazazi tunaowazungumzia mara nyingi ni haohao wanaopanga bidhaa dukani, wanaosafisha ofisi alfajiri na wanaowaogesha wazee katika nyumba za matunzo.

Miongoni mwao wamo Waswahili wetu wa London, Leicester na Birmingham, kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Barawa. Kwa baadhi yao kuna ukuta wa ziada. Visa nyingi za kazi na za familia hutolewa kwa sharti kwamba mwenye visa hatategemea fedha za umma. Ndoa ikivunjika, mama mwenye visa ya namna hiyo kwa kawaida hubaki na mtoto, na kodi ya nyumba, na zamu za usiku, bila Universal Credit na bila nyongeza yake ya kulipia malezi. Anakatwa kodi kwenye mshahara kama jirani yake, lakini mlango anaougonga jirani huyo kwake umefungwa.

Umri ulivyoshushwa

Mwaka 1970 Tessa Fothergill, mama wa London aliyekuwa akilea peke yake, alianzisha chama cha Gingerbread, ambacho hadi leo ndicho sauti kuu ya wazazi hawa. Mwaka 1974 kamati ya serikali iliyoongozwa na jaji Morris Finer ilipendekeza kila mzazi pekee apewe posho ya uhakika ya malezi. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kilichobaki ni utaratibu wa kawaida wa msaada kwa wasio na kipato, na kwa miaka mingi mzazi pekee aliruhusiwa kuupokea bila kulazimishwa kutafuta kazi mpaka mtoto wake wa mwisho afikishe miaka 16.

Serikali ya Tony Blair ilipoingia ilianzisha mpango wa New Deal for Lone Parents mwaka 1998. Mzazi alipewa mshauri wa kumsaidia kutafuta kazi, na kushiriki katika utafutaji huo kulikuwa kwa hiari. Muongo mmoja baadaye hiari ikaanza kugeuka amri. Mwaka 2008 umri wa mtoto wa mwisho ulishushwa hadi miaka 12, mwaka 2009 ukawa 10, mwaka 2010 ukawa 7, mwaka 2012 ukawa 5, na mwaka 2017, chini ya Universal Credit, ukawa 3. Kutoka 16 hadi 3 haikufika hata miaka tisa.

Kisha zikaja saa. Mzazi mwenye mtoto wa umri wa kati ya miaka 3 na 12 alikuwa akitakiwa kutafuta kazi ya saa 16 kwa wiki kama mtoto hajaanza shule, na saa 25 kama ameanza. Tangu Oktoba 2023 anaweza kutakiwa hadi saa 30. Mshauri wa Jobcentre, ofisi ya serikali ya ajira na mafao, ana ruhusa ya kupunguza kulingana na mazingira, lakini ruhusa hiyo inategemea mtu aliyeketi upande wa pili wa meza na muda alionao wa kusikiliza. Mzazi akishindwa kutimiza masharti aliyoyasaini, mafao yanaweza kukatwa.

Umri unaweza kushushwa kwa amri ya waziri. Vituo vya kulelea watoto haviongezeki kwa amri, na hapo ndipo mambo mawili yanayopaswa kwenda pamoja yalipoachana.

Serikali haikukaa kimya kuhusu malezi. Nchini England, kila mtoto wa miaka mitatu na minne ana saa 15 za bure kwa wiki. Mwaka 2017 wazazi wanaofanya kazi waliongezewa zikawa 30, na kati ya Aprili 2024 na Septemba 2025 haki hiyo ilipanuliwa kwa awamu hadi kwa watoto wa kuanzia miezi tisa. Ni hatua kubwa, na kwa familia nyingi imepunguza bili kwa mamia ya pauni kila mwezi. Ila saa hizo ni za wiki 38 kwa mwaka, na ili kupata zile za wanaofanya kazi, mzazi ni lazima awe na kipato kisichopungua saa 16 za kazi kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara. Anayetafuta kazi hazipati. Anayesomea fani ili apate kazi bora zaidi hazipati, isipokuwa awe anafanya kazi pia. Anatakiwa awe na kazi ndipo apate nafasi ya mtoto, na ili aikubali kazi anahitaji awe na nafasi ya mtoto.

Thamani ya saa moja ya ziada

Chukua mama wa watoto wawili wadogo anayelipwa kima cha chini, ambacho kuanzia Aprili 2025 kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Ameshavuka kiasi anachoruhusiwa kupata bila mafao kuguswa, na meneja wake anampa saa moja zaidi. Swali la maana kwake ni hili: atabaki na nini?

Kwa kila pauni inayoingia mfukoni, Universal Credit hupunguzwa peni 55. Kama mshahara wake haujafika kiwango cha kutozwa kodi, katika zile pauni 12.21 atabaki na 5.49. Kama umeshafika, kodi ya asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8 hutangulia, zinabaki pauni 8.79, kisha mkato wa peni 55 unapita juu yake, zinabaki 3.96. Hapo bado hajamlipa mlezi. Tuseme mlezi anatoza pauni 6 kwa saa kwa kila mtoto. Kwa wawili ni pauni 12. Universal Credit hurudisha asilimia 85, na fungu lake yeye ni pauni 1.80. Toa hiyo, mama anabaki na pauni 2.16 kwa saa nzima ya jasho lake. Nchini England, tangu Januari 2025, nauli ya safari moja ya basi kwenye njia nyingi nje ya London inaweza kufika pauni 3.

Haki inataka niseme kwamba saa za mwanzo zinalipa vizuri zaidi, kwa sababu mzazi huruhusiwa kubaki na kiasi fulani cha mshahara kabla mkato haujaanza. Mkato wenyewe ulikuwa peni 63 mpaka ulipopunguzwa mwishoni mwa 2021. Kutoka kukosa kazi hadi kuwa na kazi ya saa chache kunamwinua mzazi, na wengi wamelithibitisha hilo kwa miguu yao. Zinazolipa kidogo ni saa za juu, zile hasa ambazo kanuni za 2023 zinamsukuma azifikie. Anayehesabu na kuona kwamba saa hizo ni afadhali azitumie kumsomea mtoto kitabu amefanya hesabu sahihi. Wizara inayosimamia mafao ingefanya vema kuitazama hesabu yake kabla ya kumwita asiyejituma.

Kulipa kwanza, kurudishiwa baadaye

Asilimia 85 ni nyingi ukiisoma kwenye karatasi, na ilipanda kutoka 70 mwaka 2016. Tatizo liko kwenye utaratibu wa kuitoa. Mzazi hulipa kituo kwanza, huwasilisha risiti, kisha hurudishiwa katika malipo ya baadaye. Vituo vingi, kwa upande wao, hutaka ada ya mwezi mzima mapema na fedha ya kushikia nafasi. Kwa hiyo mama ambaye ada yake ni pauni 1,000 kwa mwezi, na ambaye mwisho wa yote atagharamia 150 tu, anatakiwa awe na 1,000 mkononi kabla hajapokea mshahara wa kwanza, asipopata msaada wa mapema nitakaoueleza. Mtu mwenye akiba ya kiasi hicho kwa kawaida hahitaji Universal Credit.

Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyekaa karibu na familia hizi. Mama hukopa kwa ndugu, huchelewesha kodi ya nyumba, au huikataa kazi. Akikopa, mwezi wa kwanza kazini unamkuta na deni ambalo hakuwa nalo alipokuwa bila kazi. Mwezi unaofuata kituo kinataka ada tena kabla malipo ya mwezi uliopita hayajarudi, na deni linajigeuza kuwa mwenzi wa kudumu wa ajira.

Mwaka 2021 mama mmoja anayelea peke yake alilipeleka suala hili mahakamani. Mahakama Kuu iliamua kwamba utaratibu wa kulipa kwanza unawabagua wanawake kinyume cha sheria. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka uleule. Hata hivyo mabadiliko yalikuja nje ya mahakama: Juni 2023 serikali ilianza kuwalipia mapema wazazi wanaoingia kazini au wanaoongeza saa. Wakati huohuo ilipandisha kikomo cha marejesho, ambacho kilikuwa kimesimama miaka mingi kwenye pauni 646.35 kwa mwezi kwa mtoto mmoja huku ada zikipanda. Kikawa pauni 950.92, na 1,630.15 kwa watoto wawili au zaidi. Viwango hivyo vimeendelea kupandishwa kidogo. Hizo ni hatua za kweli, lakini ule msaada wa mapema ni wa mwanzo tu. Miezi inayofuata mzazi anaendelea kuikopesha serikali sehemu yake ya bili, naye ndiye maskini kati ya hao wawili.

Kituo kinafunga, zamu inaendelea

Kituo cha kawaida cha kulelea watoto hufunguliwa karibu saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Shule ya msingi huwatoa watoto saa tisa na dakika chache alasiri. Sasa tazama kazi ambazo Jobcentre huwa nazo kwa mtu asiye na shahada: zamu za alfajiri za kusafisha ofisi, zamu za jioni za dukani, zamu za usiku na za mwisho wa wiki katika nyumba za wazee. Baadhi ni za mikataba isiyoahidi saa hata moja, na ratiba inaweza kutoka siku chache kabla. Kituo hakiwezi kukuwekea nafasi ya kuitumia siku upendazo. Kinataka siku maalumu, na kinatoza hata siku ambayo hukuitwa kazini. Mzazi hulipia malezi asiyoyatumia wiki hii, na wiki ijayo hukosa malezi kwa zamu aliyopangiwa ghafla.

Wenye ndoa hukwepa kwa kupishana mlangoni, mmoja akirudi mwingine akitoka. Anayelea peke yake hana wa kupishana naye. Kwetu pengo hilo lingezibwa na bibi, shangazi au binti wa jirani, na familia za Waswahili ughaibuni bado hujaribu. Lakini Universal Credit hulipia mlezi aliyesajiliwa tu, ambaye kwa England ni yule aliyeandikishwa na mamlaka ya Ofsted au na wakala aliyesajiliwa nayo. Bibi anayemlea mjukuu wake nyumbani, aliyelea watano wake wakakua salama, hatambuliwi na mfumo wa malipo. Akiwa hajafika umri wa pensheni anaweza kuomba alama za bima ya taifa zitakazomfaa uzeeni, lakini malipo hapati. Ninaelewa sababu ya usajili. Usalama wa mtoto si jambo la mzaha. Ila sheria iliyoshindwa kuleta mlezi aliyesajiliwa saa nne usiku haina budi kutafuta namna ya kumsajili na kumsaidia bibi ambaye yuko tayari.

Mtoto akiugua, mzazi ana haki ya kuondoka kazini kushughulikia dharura, lakini mwajiri halazimiki kumlipa. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba ratiba nafuu kuanzia siku ya kwanza ya ajira. Ni haki ya kuomba, na mwajiri anaweza kukataa akitoa sababu za kibiashara. Anayejua kwamba atakuwa wa kwanza kupunguzwa hasiti kuuficha ugumu wake. Ni afadhali aseme gari limeharibika kuliko kusema mtoto ana homa.

Kikomo kinachowaadhibu waliosamehewa

Sehemu inayoudhihirisha mgongano wa sheria kuliko zote ni kikomo cha mafao. Kilianza mwaka 2013 kwa pauni 26,000 kwa mwaka kwa familia, kikashushwa mwaka 2016, na tangu Aprili 2023 ni pauni 25,323 London na 22,020 kwingineko, kiwango kimoja kwa mzazi mmoja na kwa wawili. Mafao yakizidi hapo kwa kawaida hukatwa, isipokuwa mzazi awe anapata kipato cha walau saa 16 za kazi kwa wiki kwa kima cha chini.

Kumbuka sasa kwamba chini ya Universal Credit, mzazi mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja hadaiwi chochote, na mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu halazimishwi kutafuta kazi. Kanuni moja inamwambia abaki na mtoto wake. Kanuni ya pili inamkata fedha kwa kuwa amebaki na mtoto wake. Wazazi wenye watoto wa chini ya miaka miwili waliufikisha mgongano huo mahakamani. Jaji Collins wa Mahakama Kuu aliwapa ushindi mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ikautengua, na Mei 2019 Mahakama ya Juu ikawakatalia kwa majaji watano dhidi ya wawili. Waliopinga uamuzi huo ni Lady Hale, aliyekuwa rais wa mahakama hiyo, na Lord Kerr.

Mahakama iliamua kwamba serikali ina mamlaka ya kuweka kikomo. Haikuamua kwamba kikomo kinafanya kazi. Taasisi ya Institute for Fiscal Studies, ilipochunguza mwaka 2014, ilikuta kwamba walio wengi kati ya waliokatwa hawakuingia kazini wala hawakuhamia nyumba ya bei nafuu. Walibaki palepale na fedha pungufu. Kanuni nyingine, iliyozuia nyongeza ya mtoto wa tatu na wanaomfuata waliozaliwa kuanzia Aprili 2017, serikali ilitangaza katika bajeti ya Novemba 2025 kwamba ingeondolewa Aprili 2026. Ni uamuzi wa heshima. Lakini maadamu kikomo cha jumla kipo, zipo familia zitakazopewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Hoja ya upande wa pili

Wanaotetea shinikizo wana hoja zinazostahili kujibiwa. Wanasema kazi ndiyo njia ya uhakika ya kutoka katika umaskini, kwamba mzazi aliyekaa muda mrefu nje ya ajira hupoteza ujuzi na kujiamini, na kwamba mlipakodi mwenye watoto, ambaye naye huamka alfajiri, ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake asamehewe. Wanaongeza kwamba ajira ya wazazi hawa imepanda kweli tangu shinikizo lianze.

Nakubali mengi ya hayo. Kazi humpa mzazi kipato, marafiki na mfano wa kumwonyesha mwanawe. Lakini ajira hiyo ilikuwa ikipanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ushauri ulikuwa wa hiari na serikali ilikuwa ikiongeza fedha za malezi, kabla ya amri za umri kuanza mwaka 2008. Msaada ulishaonyesha nguvu zake kabla fimbo haijainuliwa. Na mlipakodi mwenye mwenza anapojilinganisha na asiye na mwenza, analinganisha nyumba yenye saa 48 za watu wazima kwa siku na nyumba yenye saa 24. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaoupima kwa mbali ndio wanaouona mwepesi.

Mafunzo kutoka Scotland, Quebec na Korogocho

Si lazima tukisie kuhusu kinachowezekana. Scotland, ndani ya ufalme uleule, tangu Agosti 2021 huwapa watoto wote wa miaka mitatu na minne saa 1,140 za malezi na elimu kwa mwaka bila kuuliza kama mzazi anafanya kazi. Jimbo la Quebec nchini Canada lilianza mwaka 1997 kutoa malezi kwa dola 5 kwa siku, bei moja kwa wote, na ajira ya akina mama ikapanda. Quebec pia ilionyesha ugumu wake: bei ikishuka kabla nafasi hazijaongezeka, foleni hurefuka, na wenye uwezo hujua zaidi namna ya kuipita.

Somo lililonigusa zaidi limetoka Nairobi. Katika mtaa wa Korogocho, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill na kituo cha utafiti cha APHRC waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kwa ujumla waliopata vocha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kazini. Akina mama wanaolea peke yao, hata hivyo, hawakuongeza kazi, kwa sababu tayari walikuwa wakifanya. Hawakuwa na wa kuwalisha. Kilichobadilika kwao ni aina ya kazi. Walihamia kwenye shughuli za mchana zenye ratiba ya kueleweka, wakafanya kazi kwa saa pungufu kuliko awali, na kipato chao hakikushuka.

Korogocho hakuna Jobcentre wala Universal Credit, na siwezi kudai kwamba Nairobi ni Manchester. Lakini jambo hilo linaenda moja kwa moja kwenye kiini cha swali letu. Uingereza hupima mafanikio kwa idadi ya saa alizoongeza mzazi. Akina mama wa Korogocho walipopata malezi ya kuaminika walitumia uhuru huo kupata saa zinazofaa, na nyumba hazikupungukiwa. Serikali zetu za Afrika Mashariki, zinapoendelea kujenga mifumo ya kuhawilisha fedha kwa kaya maskini, zina nafasi ya kujifunza hili mapema: kabla ya kumwekea mama sharti la kufanya kazi, zijue mtoto wake atakuwa wapi saa hizo.

Yanayowezekana kesho

Marekebisho ninayoyatetea hayahitaji kuvunja mfumo wote. La kwanza ni serikali kukilipa kituo moja kwa moja fungu lake la asilimia 85, na mzazi alipe asilimia 15 yake, kila mwezi na si mwezi wa kwanza tu. Fedha ni ileile. Kinachobadilika ni nani anaisubiri.

La pili ni kuufunga wajibu wa mzazi na wajibu wa serikali. Mzazi asidaiwe saa 30 za kazi mahali ambapo hakuna nafasi ya malezi anayoweza kuifikia kwa saa zinazotakiwa. Mshauri anayeandika masharti aandike pia jina la kituo kilicho tayari kumpokea mtoto. Akikosa la kuandika, sharti lisimame.

La tatu ni kuwapa anayetafuta kazi na anayesoma saa za bure zilezile anazopewa aliyekwisha kuajiriwa, kwa kuwa ndio wanaozihitaji ili wafike huko. La nne ni kuwaondoa kwenye kikomo cha mafao wazazi ambao sheria yenyewe imesema hawalazimiki kutafuta kazi. La tano ni siku chache za likizo yenye malipo kwa ajili ya mtoto mgonjwa, ambazo zingemsaidia kila mfanyakazi mwenye mtoto na zingemwokoa yule asiye na wa kumsaidia.

Yatagharimu fedha, na hata sasa gharama ipo. Inalipwa na mtoto anayeachwa kwa jirani asiyefahamika vizuri, na mama anayeacha masomo ya uuguzi akiwa amebakiza mwaka, na hospitali zinazomkosa muuguzi huyo. Kumwamuru mzazi aende kazini ni rahisi kwa serikali yoyote. Serikali inayodai kwamba inamjali mtoto inapaswa kwanza ijibu nani atakaa naye, kwa saa ngapi, na kwa fedha ya nani. Mzazi anayelea peke yake hulijibu swali hilo kila alfajiri bila msaada, na ni haki yake kuidai serikali ilijibu pamoja naye.